Wahafidhina wa Uingereza: kiongozi wanaye, lakini wanahifadhi nini?

Kihamba (mleta mada):

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Novemba 1990 nilikuwa shule ya msingi. Jioni moja baba alikuwa jikoni anamenya ndizi, redio iko juu ya kabati, tukasikia kwamba Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, anang'atuka. Baba akaweka kisu chini. Akasema, "Mama yule kaondolewa na watu wake mwenyewe." Hakuwa mpenzi wa Thatcher hata kidogo, lakini alikaa muda mrefu bila kugusa ndizi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifuatilia chama cha Conservative kama wengine wanavyofuatilia timu ya mpira.

Naomba niweke hoja yangu mapema ili anayetaka kunipinga asipoteze muda. Chama kinachojiita cha kuhifadhi hakiwezi kupata kiongozi atakayedumu kabla hakijasema kinahifadhi nini, na kinamhifadhia nani. Wenzetu hawa wamekuwa wakianza na jina la mtu, wakitumaini jibu la swali litakuja na yeye. Kuanzia Julai 2016 hadi Novemba 2024 chama kimepita mikononi mwa Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak, kikafika kwa Kemi Badenoch. Watu sita.

Kwa wasiofuatilia: Julai 4, 2024 walipata kipigo ambacho chama hakijawahi kukipata. Wabunge 121, wakati Desemba 2019 walipata 365. Kura zao zilikuwa asilimia 23.7. Labour walichukua serikali kwa asilimia 33.7 tu, kwa hiyo msidhani nchi nzima ilikimbilia Labour. Watu walikuwa wamewachoka waliokuwapo. Upande wa kulia Nigel Farage na Reform UK yake wakabeba asilimia 14.3, ingawa viti vilikuwa vitano. Upande wa pili Liberal Democrats wakaondoka na viti 72, vingi vikiwa kusini mwa England, kwenye miji ya watu wenye nafasi zao, ambao babu zao hawakujua chama kingine zaidi ya Conservative.

Kwa hiyo shamba limeingiliwa mipaka pande zote mbili. Ukimfuata aliyekwenda kwa Farage kwa kuzungumza ukali wa uhamiaji, yule mwenye nafasi wa Surrey, kusini, aliyehamia Liberal Democrats anazidi kwenda. Ukimbembeleza wa Surrey, wa Essex aliyekwenda kwa Farage anakuona msaliti. Hakuna mtu mmoja, hata awe hodari vipi, anayeweza kuwarudisha wote wawili kwa hotuba.

Mashindano ya 2024 yalionyesha wazi kwamba hawakuwa wamekubaliana wanatafuta nini. Waliingia sita: Priti Patel, Mel Stride, Tom Tugendhat, James Cleverly, Robert Jenrick na Badenoch. Utaratibu wao ni kwamba wabunge wanapiga kura kwa raundi na kuwachuja mpaka wabaki wawili, kisha wanachama wa kawaida wanaamua. Oktoba 8 Cleverly aliongoza kwa kura 39. Siku iliyofuata, wabunge walewale, akapata 37 na kutolewa: Badenoch 42, Jenrick 41. Wengi waliamini kwamba baadhi ya wabunge walicheza na hesabu, wakitaka kumchagulia mtu wao mpinzani mwepesi. Hebu fikirieni: chama kimetoka kuzikwa na wananchi, na ndani yake bado watu wanapigiana mahesabu kama ya kura za maoni za udiwani.

Novemba 2 matokeo yakatoka. Badenoch 53,806, Jenrick 41,388. Wanachama wenye haki ya kupiga kura walikuwa 131,680. Mwaka 2001, Iain Duncan Smith alipomshinda Kenneth Clarke, kura zilizopigwa zilizidi 256,000. Wanaochagua wamepungua kwa nusu, na wamebaki wale ambao hawafanani sana na mpigakura ambaye chama kinamhitaji.

Kisha Januari 2026 Jenrick akafukuzwa kwenye timu ya Badenoch, na siku hiyohiyo akaenda kukaa pembeni ya Farage. Mtu aliyebakiza kura kama 12,000 tu awe kiongozi wa wahafidhina sasa ni mtu wa Reform. Mnaona? Swali la wao ni nani lilikuwa wazi wakati wa kupiga kura, na bado liko wazi.

Nina mpwa wangu kule, anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Alifika kabla ya Machi 2024, ndiyo maana mwanawe aliweza kumfuata. Wahudumu walioomba baada ya hapo hawakuruhusiwa kwenda na familia. Ana mzee mmoja anayemhudumia asubuhi: anamnyanyua, anamwogesha, anamvalisha soksi, kisha anampikia chai ya maziwa ambayo mzee huyo anasema ina tangawizi nyingi lakini anaimaliza. Mzee alipigia kura Conservative tangu ujana wake. 2024 alipigia Reform. Mpwa wangu akamuuliza kwa nini. Akamwambia, "Waliniahidi wageni watapungua." Na ni kweli: Cameron aliahidi 2010 kwamba ongezeko la wahamiaji litashushwa hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, chini ya chama hichohicho, takwimu zilikuwa kama laki tisa. Mzee anasema hayo huku mkono wake umeshika bega la mgeni ili asianguke bafuni. Mpwa wangu hakukasirika. Aliniambia, "Mjomba, yeye hanichukii mimi. Anawachukia waliomwambia kitu kimoja wakafanya kingine."

Nimeandika mengi. Karibuni.

Kahawa Chungu:

Mkuu Kihamba, umeandika vizuri, ila hoja yako naikataa. Conservative hawajawahi kuwa chama cha itikadi. Wao ni chama cha kushika dola. Miaka yote wamekuwa wakibadilika: walikuwa chama cha makabaila wenye ardhi, wakawa cha wafanyabiashara, wakajenga nyumba za serikali miaka ya 1950, halafu Thatcher akawauzia wapangaji nyumba hizohizo. Waliingiza nchi Soko la Ulaya 1973 chini ya Heath, wakaitoa Umoja wa Ulaya 2020 chini ya Johnson. Kama wangesubiri kujua wao ni nani, wasingetawala hata mwaka mmoja. Shida yao sasa ni mtu tu. Wakipata mwenye mvuto watarudi.

Binti wa Rombo:

Mimi nauliza kitu kingine. Hapa mjini, Badenoch aliposhinda, watu walishangilia: Mwafrika kachukua chama cha wakoloni. Mleta mada umelipita hilo kimyakimya. Kwako halina uzito?

Kihamba:

Binti wa Rombo, lina uzito, na nashukuru umeuliza. Badenoch alizaliwa Wimbledon 1980 kwa wazazi Wanigeria, akakulia zaidi Lagos, akarudi Uingereza ana miaka 16, akafanya kazi McDonald's huku akisoma. Ni mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama kikubwa cha Uingereza. Siku ile kijiweni pale karibu na Soko la Mbuyuni muuza kahawa aligawa vikombe viwili bure, na mimi nilikunywa kimoja.

Lakini sikilizeni anachosema mwenyewe. Anasema aliiona Lagos umeme unakatika, serikali imejaa kila mahali na haifanyi kazi, na hapo ndipo alipojifunza kuiogopa serikali kubwa. Huo ni uhafidhina wenye mizizi katika maisha yake, si wa kuazima. Kwa hiyo namheshimu. Ila hajachaguliwa ili awe zawadi kwetu, na sera zake za uhamiaji ni kali kuliko za waliomtangulia. Oktoba 2025 ametangaza kwamba chama chake kikishinda kitaitoa Uingereza kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Tusimshangilie kwa sura tukasahau kusoma anachoandika.

Kahawa Chungu, wewe nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hoja yako ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Ni kweli wamebadilika. Ila angalia kila walipobadilika na kufanikiwa, nini kilitangulia. 1834 Robert Peel, kiongozi wao wa wakati huo, aliandika waraka kwa wapigakura wake wa Tamworth: tutakubali mageuzi yenye sababu, tutalinda mihimili. Ilikuwa ni kauli ya kujitambulisha, na chama cha kisasa kilianzia hapo. Peel huyohuyo 1846 alifuta sheria za nafaka zilizowalinda wenye mashamba, bila kwanza kukiuliza chama kinasimamia nini. Kikapasuka katikati. Hawakupata tena wingi wa wabunge mpaka 1874, chini ya Disraeli. Miaka 28! Ndani ya miaka hiyo walikuwa na watu wenye mvuto, Disraeli mwenyewe alikuwamo.

Sasa 1975. Watu husimulia kwamba Thatcher alitokea tu, akamshinda Heath aliyekuwa kiongozi 130 kwa 119, akamaliza kazi raundi ya pili kwa 146 dhidi ya 79 za Whitelaw. Kabla ya hapo, 1974, Keith Joseph, aliyekuwa waziri wa Heath, alikuwa ameanza kutoa hotuba za kukiri hadharani kwamba walikosea walipokuwa serikalini, na yeye na Thatcher wakaanzisha kituo cha kufikiria sera. Joseph alianza na toba. Kiongozi alikuja juu ya toba hiyo. Mwaka 2022 walifanya kinyume: wanachama walimchagua Liz Truss kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399 za Sunak kwa sababu alisema maneno ya Thatcher na hata kupiga picha zinazofanana na za Thatcher. Septemba 23 bajeti yake ndogo ikatoka, kodi zinapunguzwa bila kuonyesha fedha zitatoka wapi, paundi ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na siku 49 baada ya kuingia alikuwa ametoka. Wale waliokuwa na mikopo ya nyumba ndio walikuwa watu wao. Walimchoma mtu wao mwenyewe kwa kuigiza.

Mvuto waliupata pia, mkuu. Boris Johnson alikuwa na mvuto kuliko mwanasiasa yeyote wa kizazi chake. Alikusanya wachimba makaa wa zamani wa kaskazini na wenye mabenki wa London chini ya paa moja kwa neno moja, Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya. Neno lilipokamilika, paa halikuwa na nguzo.

Mstaafu wa Old Moshi:

Vijana, shikamooni kwa wanaostahili, marahaba kwa wengine. Mnazungumza Uingereza kana kwamba sisi hatujawahi kuwa na chama cha namna hiyo hapahapa. Kihamba, mbona umesahau Umoja wa Raia wa Wachagga?

Kihamba:

Shikamoo mzee wangu. Sikusahau, niliogopa uzi utakuwa mrefu. Lakini kwa kuwa umefungua mlango, naingia.

Kwa wasiojua: Kilimanjaro Chagga Citizens Union ilianza 1949, Petro Njau akiwa ndiye mtu wake mkubwa. Wakati huo Waingereza walikuwa wameweka wakuu watatu, waitori, juu ya mamangi, yaani machifu: mmoja wa Hai, mmoja wa Vunjo, mmoja wa Rombo. Watu walikuwa na kinyongo, ardhi inabana, vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vinagawanywa mpaka vinakuwa vitambaa. Umoja ukasema: tunataka turudi kwenye desturi, tupate Mangi Mkuu mmoja wa Wachagga wote. 1951 akachaguliwa Thomas Marealle, kijana msomi, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu.

Sasa hapa ndipo panaponisisimua. Kiti cha Mangi Mkuu wa Wachagga wote hakikuwahi kuwapo kabla ya hapo. Sina alikuwa wa Kibosho, Rindi wa Moshi, Marealle wa Marangu, nao walipigana. Umoja ulikuwa unajenga kitu kipya na kukiita cha zamani. Silaumu, kwa sababu kwa miaka michache kilifanya kazi. Watu walitaka umoja na heshima, na jina la desturi liliwapa vyote viwili. Lakini walipompata mtu, swali la ni nini hasa kinahifadhiwa halikujibiwa. Ni ardhi? Ni ukoo? Ni uwezo wa watu kumwondoa kiongozi mbaya? Marealle akaanza kulaumiwa kwamba anakusanya madaraka. Kikaja chama cha Solomon Eliufoo kikisema tunataka rais wa kuchaguliwa kwa muda, na 1960 Wachagga wakapiga kura, kiti cha Mangi Mkuu kikaondoka. Miaka isiyofika kumi tangu kianze. Kufika 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima.

Mzee wangu, kama uliyaona hayo kwa macho tunaomba utuandikie. Sisi tumeyasoma na kusimuliwa.

Mstaafu wa Old Moshi:

Marahaba. Niliyaona nikiwa mdogo nimebebwa mabegani. Nakumbuka ngoma na vumbi, na mama yangu akisema sasa tuna wetu. Miaka hiyo ya mwisho nakumbuka mama huyohuyo alikwenda kupiga kura ya kuondoa kile kiti. Nilimuuliza, akanijibu kwamba alitaka mtu anayeweza kumwambia hapana. Hakuona kwamba amejipinga. Kwake vyote viwili vilikuwa kuilinda nyumba.

Sanya Juu:

Mnazunguka mbali. Chadema je? Iliasisiwa 1992 chini ya Mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyeacha Uwaziri wa Fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya IMF. Chama cha soko huria kabisa, na kiko kwenye umoja uleule wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia waliomo Conservative. Leo mshike kijana yeyote wa Chadema hapo Double Road umwambie chama chako ni ndugu wa Conservative, ataona umemtukana. Januari 2025 Lissu alimshinda Mbowe 513 kwa 482, na ukisikiliza kampeni ile yote, ni nani aliyezungumzia itikadi?

Kihamba:

Sanya Juu, umegusa pazuri. Ila kwa haki niseme: pale swali halikuwa la kodi wala soko, lilikuwa la namna ya kusimama mbele ya dola. Hilo nalo ni utambulisho, na wajumbe walilijibu kwa kura. Unaweza usipende jibu, lakini swali lilikuwa mezani. Conservative hawajaliweka lao mezani.

Kahawa Chungu:

Sawa, umenisogeza kidogo, sijahama. Basi niambie, wewe ungekuwa Badenoch ungefanya nini kesho asubuhi? Kulaumu ni rahisi.

Kihamba:

Ni haki yako kuuliza, mkuu.

Kwanza nikusimulie kilichotokea kwenye chama chetu cha msingi cha kahawa, jina nitaliacha. Ndani ya miaka sita tulibadilisha mwenyekiti mara tatu. Kila mkutano mkuu ulikuwa wa kelele: huyu hafai, mleteni yule. Wakati huo mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa imekufa beringi, na wakulima walikuwa wanamenya kwa mikono nyumbani, kahawa inachachuka vibaya, daraja linashuka. Wenyeviti wote watatu niliwapigia kura mimi. Hakuna mkutano hata mmoja tuliokaa tukaulizana: chama hiki kipo ili kituuzie kahawa bora, au kipo ili kitukopeshe mbolea, au kipo ili wazee wapate pa kukutana? Na fedha za beringi zilikuwapo. Zililipa posho za mikutano ya uchaguzi.

Kwa hiyo Badenoch. Ningeanza alipoanzia Joseph, na kwa uwazi kuliko yeye alivyofanya mpaka sasa. Ningekwenda kwa yule mzee wa mpwa wangu nikamwambie: tulikuahidi watu wachache huku tukitoa viza kwa sababu hatukutaka kulipa mishahara ambayo ingewavutia wenzako kufanya kazi ya kukuogesha. Hapo angenisikiliza. Ningemwambia kijana wa miaka 30 asiyeweza kununua nyumba: tulipinga kila jengo jipya karibu na wapigakura wetu, halafu tukashangaa huna cha kuhifadhi. Mtu asiye na kitu hawezi kuwa mhafidhina, hata umhubirie vipi. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko Reform, kuliko Mkataba wa Ulaya, kuliko yote. Thatcher alilijua, ndiyo maana aliuza zile nyumba. Na nyumba zile zilipouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha, kwa hiyo watoto wa walionunua ndio hawa wanaopanga leo.

Pili, ningechagua nani nisimfukuze. Huwezi kuwarudisha wote.

Mei 2025 walipoteza madiwani zaidi ya 600 kwenye chaguzi za mitaa, wengi kwa Reform. Mei 2026 kuna chaguzi za Scotland, Wales na halmashauri za London. Wakipigwa tena, nina hakika barua za kumtaka Badenoch aondoke zitaanza kupelekwa kwa mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wa chama hicho, na magazeti yataorodhesha majina ya warithi. Hapo ndipo ningependa wanachama wakatae kujadili jina lolote mpaka kwanza waandike ukurasa mmoja.

Binti wa Rombo:

Ukurasa huo ungekuwa na nini? Maana hata mtaalamu wa maneno anaweza kujaza ukurasa.

Kihamba:

Dada yangu, nitakujibu kwa kile ninachofanya wiki hii, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Mibuni ya baba ina zaidi ya miaka 40. Majani yana kutu, matunda yanaharibiwa na ugonjwa wa chulebuni, mti mzima unatoa debe lisilojaa. Kaka yangu anataka tung'oe yote tupande nyanya, maana jirani alipata fedha msimu uliopita. Mama hataki hata tawi liguswe, kwa sababu mume wake aliipanda. Nilikwenda Lyamungo kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, nikarudi na miche ya aina mpya inayovumilia magonjwa, nikakaa na mama chini ya mgomba, tukaanza kuhesabu mti mmoja mmoja. Huu ungali na mzizi mzuri, unakatwa kisiki uchipue. Ule umekufa moyo, unang'olewa, unapandwa mche mpya palepale. Ile migomba ya kivuli inabaki yote. Mfongo, mfereji wetu wa maji, unazibuliwa. Mama alilia kwa mti mmoja tu, ule wa karibu na mlango, nikauacha.

Tulimaliza tukiwa na karatasi. Upande mmoja miti inayobaki, upande wa pili inayoondoka, na pembeni sababu, kwa mwandiko wa mama. Kaka yangu ameisoma, hajakubali yote, lakini jana alikuja na panga akaanza na ile ambayo hatubishani.

Ukurasa wa namna hiyo, dada. Wenye majina ya miti.

Masika yanakaribia na bado nina visiki sitini vya kukata kwa msumeno kabla mvua haijashuka, kwa hiyo nitakuwa kimya kidogo. Mei matokeo yakitoka nitarudi hapahapa. Mzee wa Old Moshi, ile habari ya mama yako naomba uiandike yote.